Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Wazee wetu, akina mama, na vijana mliofika leo,

Nawasalimu na kuwashukuru kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi. Hesabu atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Yangu ni kuhusu jambo lililotukusanya tangu mwanzo: shabiki wa kawaida wa mbio za magari atafikaje upande wa pili wa kamba, pale mafundi, waamuzi wa muda na madereva wanapofanya kazi yao.

Wazee mliopo mnajua kwamba zamani hatukuwa na haja ya kuuliza. Safari, yaani mbio za magari za Safari Rally za hapa kwetu, ilipoanza 1953, na kwa miaka mingi baadaye, magari yalipita katika barabara tunazotumia sote, na mafundi waliyahudumia kando ya njia, mbele ya maduka au kwenye kituo cha petroli. Mtoto aliweza kusimama hatua tatu tu kutoka kwa gari la Joginder Singh au Shekhar Mehta, madereva mabingwa wa enzi hizo, na kusikia harufu ya breki zilizoungua. Marehemu baba yangu alimshikia fundi tochi usiku mmoja akitafuta nati iliyozama matopeni, na hadithi hiyo tuliisikia nyumbani kila Pasaka.

Mbio zilitoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, na ziliporudi 2021 tulikuta utaratibu mwingine. Mikondo, yaani vipande vya njia ambako magari hushindana kwa muda, inafungwa. Huduma ya magari iko Naivasha, katika uwanja wa Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, na penye lango pana mlinzi. Sina ugomvi na hilo. Gari la siku hizi likiacha njia halikupi nafasi ya kukimbia. Ila lazima tujifunze njia mpya ya kuingia, na mwaka huu tumejifunza kwa furaha na kwa machungu.

Nianze na machungu. Mwezi Machi wanachama wetu wanne walimlipa mtu aliyewaahidi pasi za ndani. Waliletewa kadi zilizochapishwa vizuri, zenye nembo na kamba ya shingoni. Langoni mlinzi aligeuza moja mara moja tu, akairudisha. Mmoja wa hao wanne alikuwa amekuja na mwanawe wa miaka tisa, amemwahidi kwamba watamwona Kalle Rovanperä akishuka garini. Alinipigia simu nikiwa Elmenteita, na nyuma ya sauti yake nikamsikia mtoto akilia. Sikuwa na la kufanya. Katika mambo yote ya mwaka huu hakuna lililoniuma kama hilo. Basi nawaomba tusikie sote: pasi ya kazi hutolewa kwa jina la mtu na kwa kazi aliyopangiwa. Haiuzwi. Anayekuuzia anakuibia, hata kama mmesoma naye.

Sasa njia iliyotufaa. Mwaka jana tuliamua kuacha kuomba pasi na kuanza kuomba kazi. Vijana wetu walijitolea katika raundi za mashindano ya kitaifa, ambako umati ni mdogo na wakubwa wana muda wa kumfundisha mgeni. Huko walijifunza kufunga utepe, kusoma bendera, kuzungumza kwenye redio kwa maneno machache, na kukaa juani saa nyingi bila kuondoka kituoni. Safari ilipokaribia, majina yao tayari yalikuwa yanajulikana. Kumi na mmoja walikubaliwa kuwa marshali, wale wanaolinda usalama kando ya mkondo, na wawili wakawekwa kwenye meza ya muda.

Meza hiyo nataka niieleze, kwa sababu wengi wetu huipita bila kuitazama. Gari linapofika kwenye kituo cha muda, mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia, hushuka akiwa na kadi yake ya muda na kusimama kando, macho kwenye saa. Haikabidhi mpaka dakika yake ifike. Akichelewa dakika moja anaongezewa sekunde 10. Akiwahi dakika moja anaongezewa dakika nzima. Binti yetu aliyekaa pale Jumamosi ya tarehe 22 Machi aliniambia kwamba mikono ilimtetemeka alipopokea kadi ya kwanza. Ilikuwa na vumbi, na kona yake moja ilikuwa imelowa jasho. Aliandika saa na dakika, akarudisha, mwelekezi akamwambia "asante" kwa Kiswahili, gari likaondoka. Tangu siku hiyo ameniuliza mara tatu kozi ya waamuzi itaanza lini. Hakuna kiti cha wageni mashuhuri kinachompa mtu ukaribu huo.

Marshali waliokuwa kwenye mkondo wa Soysambu walifanya kazi ngumu zaidi. Walifika kabla ya mapambazuko, wakawarudisha watu nyuma ya utepe, wakawaita askari wa wanyamapori pundamilia walipokaribia njia, wakahesabu magari ya usalama yanayotangulia, la sifuri tatu, la sifuri mbili, na la sifuri moja. Likipita hilo la mwisho, havuki mtu. Mzee mmoja wa eneo hilo alitaka kuvusha mbuzi wake, na kijana wetu akamwambia kwa adabu, "Mzee, nipe nusu saa, nitakuvusha mwenyewe." Akatimiza ahadi. Ninajivunia hilo kama vile ninavyojivunia mkondo mzima.

Kwa upande wa picha, maombi matano yalipelekwa na mawili yakakubaliwa. Waliopata walikuwa na barua ya mhariri na kazi zilizokwisha kuchapishwa, na waliomba mapema. Waliokosa walituma picha nzuri sana, lakini hakukuwa na chombo cha habari nyuma yao. Mjue pia kwamba kizibao cha kijani cha wanahabari hakimpi mtu ruhusa ya kusimama atakapo. Marshali akikwambia ondoka, unaondoka, hata kama ndiyo picha ya maisha yako.

Jioni ile ya Jumamosi, baada ya zamu, mimi na wenzangu wawili tuliruhusiwa kusimama nyuma ya kamba ya hema la timu moja. Gari liliingia likiwa limejaa fesh-fesh, lile vumbi laini kama unga, mpaka kwenye bawaba za milango. Likasimama juu ya turubai. Mafundi wana dakika 45 tu, na wanaoruhusiwa kuligusa wamehesabiwa na kuvaa alama mkononi. Hakuna aliyepaza sauti. Mmoja alitoa kichujio cha hewa, akakigonga taratibu kwenye kiganja, na vumbi likamwagika kama mchanga wa saa. Akalitazama, akatikisa kichwa, akaweka kipya. Nilimkumbuka baba yangu na tochi yake. Kesho yake Elfyn Evans na mwelekezi wake Scott Martin walishinda kwa zaidi ya dakika moja mbele ya Ott Tänak, na umati kwenye mkondo wa mwisho, Hell's Gate, ukapiga kelele. Lakini mimi nililala nikiwaza kile kichujio.

Tumekosea pia, na kosa ni la ofisi yangu. Hatukupanga usafiri wa marshali wetu kurudi mjini, na wanne walifika Naivasha saa tano usiku kwa lori la mawe. Nimewaomba radhi mmoja mmoja, na leo nawaomba mbele yenu. Fedha za usafiri zimetengwa katika bajeti mtakayopigia kura.

Yule mtoto wa miaka tisa sikumsahau. Mwezi Juni nilimpeleka yeye na baba yake kwenye raundi ya kitaifa. Dereva mmoja wa hapa kwetu alimkalisha kwenye kiti cha mwelekezi, akamfunga mikanda yote, akampa daftari la maelekezo ya kona asome. Alisoma "kushoto tatu" kwa sauti kubwa hadi mafundi wakageuka.

Safari ya 2026 imepangwa tarehe 12 hadi 15 Machi, kwa hiyo muda wetu ni mfupi. Mafunzo ya huduma ya kwanza yataanza wiki ya pili ya Januari, na asiyehudhuria hatapendekezwa kwa kazi yoyote, awe kijana au mjumbe wa kamati. Fomu ziko kwa katibu. Wanaohitaji buti wamwachie saizi zao leo kabla ya kuondoka.