Anti, nataka kusoma MBA ili nifanye vizuri kazi ya mazingira ya chuo, kila mtu ananishangaa

Shikamoo Anti, na salamu kwa wasomaji wenzangu wote popote mlipo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi hapa Mtwara mjini, nimeajiriwa kwenye chuo kimoja hapa hapa kama ofisa mazingira chini ya idara ya miliki, yaani ya majengo na viwanja, chuo chenyewe naomba nisikitaje. Digrii yangu nilisoma mazingira pale Ardhi, Dar. Sasa nataka kuongeza masta, na masta ninayoitaka ni MBA, yaani biashara na usimamizi, na karibu kila niliyemwambia ananiuliza wewe wa mazingira unaenda kufanya nini kwenye biashara. Naomba nieleze vizuri halafu mnishauri, maana muda wa kuamua umebaki mdogo.

Kazi yangu kwa karatasi ni kusimamia usafi, taka, maji, umeme na miti ya chuo. Kwa vitendo ni ndoo za taka na kusimamia wazabuni wa usafi, basi. Lakini mi naipenda hii kazi Anti, naipenda kweli, na naamini chuo kinaweza kuwa mfano kwa mji mzima, maana kina mabweni, kina jiko, kina maabara, kina vijana wengi ambao wakitoka hapo wanaenda Newala, Masasi, Nachingwea kuwa walimu na wahasibu, kile walichokizoea hapa ndo watakachokipeleka huko.

Kinachoniuma zaidi ni jiko. Jiko la chuo chetu bado linapikia kuni. Lori likija linashusha magogo nyuma ya stoo, mengine mabichi kabisa yanatoa utomvu, na wale mama wa jikoni wanaanza kuwasha alfajiri ili uji uwahi, ukiingia mle ndani saa kumi na mbili asubuhi huoni upande wa pili, masufuria makubwa meusi tii, ukutani masizi yanaachia yanadondoka, na mama mmoja mtu mzima sana ambaye namuita bibi anapika huku kajifunga kanga puani. Na hii ni Mtwara! Gesi ya Mnazi Bay, mkoani kwetu hapa hapa, iligunduliwa tangu 1982, umeme wa gesi tunautumia, bomba la kwenda Dar limekamilika 2015, na TPDC, shirika la taifa la mafuta na gesi, wameshaunganisha baadhi ya nyumba hapa mjini zinapikia gesi ya bomba. Serikali nayo ilishaziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na 2024 ukazinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unaosema ifike 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kwahiyo sera ipo, gesi ipo, na kuni zinaendelea kushushwa.

Nikaandika andiko la kuhamisha jiko kutoka kuni kwenda gesi. Nikaweka moshi, nikaweka misitu, nikaweka afya za wale mama, nikaweka na agizo la serikali. Kwenye kikao cha menejimenti nikasikilizwa vizuri tu, hamna aliyenipinga, kisha mkuu wa fedha akaniuliza kwa upole, mtaji wa kufunga mfumo utarudi baada ya muda gani, na bei ya gesi ikipanda hesabu inakuaje, na mkataba wa mzabuni wa kuni tukiuvunja katikati tunadaiwa nini. Andiko langu halikuwa na hayo, kwa sababu kwenye masomo yangu ya mazingira tulifundishwa kupima athari, hatukufundishwa kupanga pesa. Likarudishwa "liboreshwe".

Mwaka uliofuata nikaja na kitu kidogo zaidi, taa. Tuna tyubu za zamani za wati 36 kama 400 hivi madarasani na kwenye korido, nikapendekeza tuweke za LED za wati 18. Hesabu yenyewe ni rahisi, kila taa inaokoa wati 18, kwa taa 400 zikiwaka masaa sita ni uniti 43 na kidogo kwa siku, na uniti moja kwa bei ya shilingi 356 unapata kama elfu kumi na tano kwa kila siku ya masomo. Taa moja ukiinunua kwa elfu nane zote zinakuja milioni tatu na laki mbili, kwahiyo ndani ya siku 210 za masomo pesa imerudi. Nilidhani hapo nimemaliza. Mkuu wa fedha akasema sawa, hesabu nzuri, ila nieleze kwanini milioni tatu ziende kwenye taa kabla ya paa la bweni linalovuja, halafu pesa ya umeme iko fungu la matumizi mengineyo, hicho unachookoa mwakani bajeti ya umeme itapunguzwa tu, idara yako haipati kitu, sasa nani atakuwa na hamu ya kuokoa? Anti, lile swali la mwisho ndo lilinifanya nianze kuwaza MBA. Kwa sababu lina majibu. Kuna vyuo huko nje wana mfuko wa kuzunguka, kile kinachookolewa kwenye umeme kinarudi kwenye mfuko huo huo kinagharamia mradi unaofuata, na hilo linataka mtu anayejua fedha, anayejua kuandika sera ya fedha na kuitetea mbele ya baraza la chuo.

Nikaanza kusoma mtandaoni usiku watoto wakishalala. Marekani hii ni kazi kabisa yenye ngazi zake, vyuo vina ofisi ya uendelevu, yaani ya kutunza mazingira na rasilimali, na mkurugenzi wake, kuna chama chao kinaitwa AASHE chenye mfumo wa STARS wa vyuo kujipima vyenyewe, na kuna upimaji mwingine wa UI GreenMetric ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Indonesia 2010, huo unaangalia nishati, taka, maji, usafiri, majengo na ufundishaji. Kuna chuo cha Bard kule New York tangu 2012 kina MBA ya uendelevu yenyewe, wanafunzi wanakutana wikiendi moja kwa mwezi na mengine wanasoma kwa intaneti. Ada yake mi siiwezi hata kwa ndoto, lakini imenionesha kwamba ninachokifikiria hakijaanza kichwani kwangu, wenzetu wameshaona kwamba mtu wa mazingira anahitaji somo la fedha.

Sasa njia ziko hivi. Chuo Kikuu Huria wana MBA na wana kituo hapa Mtwara, ningesoma huku nafanya kazi, na utafiti wangu wa mwisho ningeufanya kwenye jiko letu lile lile, yaani nikimaliza nina shahada na andiko la gesi lililokamilika mkononi. Hii ndo inayonivutia zaidi. Kuna madarasa ya jioni Dar, lakini Mtwara na Dar ni zaidi ya kilomita 500, huwezi kwenda na kurudi, na wote tunakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara pale Somanga watu wakakwama siku na siku. Halafu kuna ufadhili wa masomo wa Chevening wa Uingereza, huo unataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili ambao ninao, na ukimaliza urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili, sina shida na hilo kabisa, nataka kurudi. Ila kwa MBA wanaweka ukomo wa ada wanayolipa, inayozidi unajazia mwenyewe, na ni mwaka mzima mbali na watoto, mdogo ana miaka mitatu.

Watu wa karibu ndo wananichanganya. Mume wangu ni mtu mwema, hajakataa, ila tuna nyumba tunajenga Naliendele imefika lenta, na pesa tuliyoitegemea kupaulia ni ya korosho za shamba letu Tandahimba. Ananiambia mama fulani, bati kwanza, shule haikimbii. Na mi namuelewa, bei ya mnada huwezi kuijua mpaka siku yenyewe, salfa inataka pesa, wapalilia wanataka pesa, ukitoa ada hapo unakuwa umebana kila upande. Shemeji yangu yuko benki Dar, yeye anasema MBA saivi ziko kila kona, wenye MBA wanagombania kazi na wenye digrii moja, bora nichukue kitu cha kitaalamu. Na mhadhiri mmoja ambaye namheshimu kama baba yangu kaniambia kitu kizito zaidi, kwamba kwenye utumishi wa umma unapandishwa kwa kada yako, yaani fani uliyoajiriwa nayo, muundo wa kada yangu unatambua masta ya mazingira, MBA inaweza isihesabiwe, na nikitaka kubadilishiwa kada ili itambulike naweza kujikuta naanzia ngazi ya chini ya kada mpya. Yaani nisome miaka miwili, nilipe mamilioni, halafu cheo kibaki pale pale au kirudi nyuma.

Hili la kada ndo limenikalia kifuani, maana ni kweli. Lakini upande wa pili nikisoma masta ya mazingira nitajua zaidi vitu ambavyo tayari navijua, nitapanda daraja, mshahara utaongezeka kidogo, na kwenye kikao nitaulizwa maswali yale yale na mkuu wa fedha yule yule. Sitaki kuwa ofisa mazingira mwandamizi ambaye jiko lake bado lina moshi. Nataka siku moja niwe kwenye meza inapogawanywa bajeti, niongee nieleweke. Na hofu yangu nyingine, nisiifiche, ni kwamba nikirudi na MBA wataniona wa manunuzi au wa utawala wanihamishe huko, mazingira apewe mwingine, nimeona ikitokea kwa mwenzangu.

Anti na wasomaji, nisaidieni kwenye haya. Kama kuna mtu ambaye ni wa fani kama yangu, mazingira, kilimo, afya, akasoma MBA akiwa kwenye utumishi wa umma, utumishi walimchukuliaje, alipandishwa au alikwama? Je, naweza kuomba mwajiri anipe barua kabla sijaanza inayosema masomo haya yanahusiana na kazi yangu, na barua hiyo ina nguvu yoyote baadaye? Aliyesoma Huria huku anafanya kazi na ana watoto wadogo, aliwezaje, na kweli inaisha kwa muda? Na kwa kina mama walioolewa, hili la bati na ada mlilimalizaje ndani ya nyumba bila mtu kujiona kashindwa, maana nimewaza nimwambie mume wangu msimu huu tupaue, ada nilipe kwa awamu kutoka kwenye mshahara wangu, hata kama itamaanisha nianze na masomo mawili tu, ila sijamwambia bado.

Ofisi ya rasilimali watu inakusanya majina ya mpango wa mafunzo kabla mwaka wa fedha mpya haujaanza Julai, kwahiyo jina langu na kozi ninayoomba vinatakiwa viwe vimeandikwa kabla ya hapo. Fomu ninayo kwenye droo, sehemu ya kozi bado wazi. Nitashukuru sana kwa jibu la mapema.

Mama wawili, Mtwara