Visikizi vya bei nafuu: boksi lifunguliwe dukani

Mhariri,

Katika maduka mengi ya simu hapa Lamu, boksi la visikizi visivyo na waya halifunguliwi mpaka mteja awe ameshalipa, na likishafunguliwa halirudi. Sisi tunaokaa kwenye meza za ufundi tunaona utaratibu huu unawatia watu hasara kuliko ubovu wa vifaa vyenyewe. Visikizi vya kati ya Sh600 na Sh2,000 si lazima viwe vibaya. Kwa kusikiliza mawaidha, taarabu au mpira, na kupokea simu, vingi vinatosha kabisa. Tatizo ni kwamba ukaguzi wake kiwandani ni hafifu, kwa hiyo maboksi mawili yaliyofanana kama mapacha yanaweza kuwa na kizima na kibovu. Njia pekee ya kuvitenganisha ni kuvijaribu, si kusoma boksi.

Boksi lenyewe linapotosha. Namba inayodanganya kuliko zote ni ya betri. Kasha la kuchajia, ambalo tutaliita kijaluba kwa kuwa halipishani sana na kile cha tambuu, kwa kawaida hubeba betri ya mAh 300 hadi 500 (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), na kila kisikizi mAh 30 hadi 50. Ukiona imeandikwa 2,000 au 9,000, jiulize betri hiyo imekaa wapi. Betri ya lithiamu ya mAh 2,000 peke yake ina uzito wa gramu 35 hadi 40, ilhali vijaluba vingi vya bei hii, pamoja na visikizi ndani, havizidi gramu 50. Mizani ya sonara inamaliza ubishi huo kwa nusu dakika. Fundi akifungua atakuta betri yenye namba kama 602030, maana yake unene milimita 6, upana 20, urefu 30. Umbo hilo hubeba takriban mAh 300, na hakuna wino wa boksi utakaolinenepesha.

Saa za kusikiliza nazo zinapigiwa hesabu. Kisikizi hula takriban milliampea 8 hadi 10 kwa sauti ya wastani, kwa hiyo betri ya mAh 40 inakupa saa 4 na kidogo. Kijaluba cha mAh 400 hakivijazi visikizi viwili mara 5, ingawa 400 ukigawa kwa 80 unapata 5. Umeme wa betri lazima upandishwe kutoka volti 3.7 hadi 5 ndipo uingie kwenye kisikizi, na sehemu yake hupotea kwa joto njiani. Ukipata mara 3 shukuru. Jumla ni saa 16 hivi. Muuzaji anayekutajia saa 16 anakuheshimu. Anayekutajia 60 amesoma boksi tu.

Namba ya Bluetooth, iwe 5.0 au 5.3, isikupandishie bei. Haibadilishi utamu wa sauti, na simu ya zamani yenye 4.2 bado itaunganika. Na kile kidirisha kinachochomoza kwenye iPhone unapofunguwa kijaluba si ushahidi kwamba ulichoshika ni AirPods, visikizi halisi vya Apple, kwa sababu waigaji wameshakiiga, pamoja na namba za utambulisho wa kifaa.

Kuna vifupisho viwili vinavyochanganywa kila siku, ANC na ENC. ANC hupunguza kelele inayoingia sikioni mwako wewe. ENC husafisha sauti yako ili anayekusikiliza upande wa pili akuelewe. Visikizi vya bei ya chini vikiwa na kimojawapo, mara nyingi huwa ni ENC, na mteja huuziwa akidhani atanyamazisha injini ya boti kutoka Mokowe. Hatanyamazisha kitu. Kinachomsaidia ni kipira kilichokaa vizuri sikioni. Boksi huwa na vipira vya ukubwa tatu, na wengi hawagusi vile viwili vilivyo kwenye kifuko. Kipira kikipwaya besi inapotea, kelele ya nje inaingia, mtu anapandisha sauti mpaka mwisho, halafu analaumu spika. Kwa sauti ya juu hivyo masikio nayo yanaumia: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli zikipanda muda huo unapungua haraka.

Sasa chumvi, ambayo boksi haliitaji kabisa. Alama ya IPX4 maana yake kifaa kinastahimili maji ya kurushiwa kutoka upande wowote, na IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kifaa kikiwa kipya, na mara nyingi vinahusu visikizi tu, si kijaluba. Hapa kwetu, hata asiyeoga baharini hupata chumvi: hewa ya kaskazi na kusi inayo, na jasho linayo. Hutua kwenye vichuma vya kuchajia, vile vidoti vya rangi ya dhahabu, rangi ikachubuka na shaba ya chini ikaota kutu ya kijani. Kuanzia hapo kisikizi hakijui kama kimo ndani ya kijaluba. Hakizimiki na hakichaji, kinabaki kimeshikana na simu usiku kucha, asubuhi kimekufa. Dalili yake ni rahisi: funga kijaluba kisha tazama simu. Kama bado inaonyesha imeunganishwa, mara nyingi tatizo ni vichuma.

Dawa yake haina gharama. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, kikamue kisidondoshe, sugua vichuma vya kisikizi na vile vya springi vilivyo ndani ya kijaluba. Kutu ikigoma, tumia ufutio wa penseli taratibu, usitumie wembe wala msasa, maana ukikwangua rangi ya dhahabu iliyobaki kutu itarudi kwa kasi zaidi. Kwa anayekaa Shela au anayefanya kazi ufukweni Malindi, kusugua mara moja kwa wiki si kuzidisha. Mchanga nao una chembe nyeusi zenye chuma, na kwa kuwa ndani ya spika mna sumaku, chembe hizo hunasa kwenye wavu na kuleta mkwaruzo. Usivae kisikizi kilichoanguka mchangani kabla ya kukipiga brashi kavu ya meno, wavu ukiwa umeelekezwa chini.

Kikiangukia baharini, kisuuze kwa maji baridi mara moja, kifute, kiache kwenye kivuli chenye upepo siku mbili, na usikirudishe kwenye kijaluba kabla ya hapo. Kinachoua ni umeme kupita kwenye maji ya chumvi. Kijaluba kikizama, kipeleke kwa fundi kifunguliwe, kisichomekwe chaja hata kwa kujaribu.

Tuje kwenye majaribio, ambayo yanahitaji dakika 10 tu dukani. Toa visikizi na ubandue vile vikaratasi vya plastiki vinavyoziba vichuma. Visikizi vingi vinavyorudishwa kama vimekufa vina plastiki hiyo bado. Virudishe, funga, chaji dakika 5. Betri iliyokaa rafuni muda mrefu bila chaji huweza kushuka chini kiasi cha kutofufuka, na mzigo wa hapa hauuziki haraka kama wa Mombasa, kwa hiyo kama taa hazionekani baada ya hizo dakika 5, chukua boksi jingine.

Vitoe vyote viwili kwa pamoja. Kwenye orodha ya Bluetooth pawe na jina moja. Yakionekana majina mawili, cha kulia na cha kushoto havijashikana. Kabla ya kucheza chochote, fungua zana za ufikivu (Accessibility) kwenye mipangilio ya simu uhakikishe mizani ya sauti iko katikati, maana kidole kikiisogeza bahati mbaya kisikizi kimoja huonekana kibovu bila kosa. Kisha cheza sauti ya mtu mmoja anayezungumza, taarifa ya habari au mawaidha, si muziki. Sauti ikae katikati ya kichwa. Ikiegemea upande mmoja, basi kisikizi kimoja ni dhaifu, na hakitapona nyumbani.

Weka simu mfuko wa nyuma upande wa kushoto, utembee hatua 10 ukigeuza shingo, kisha uihamishie kulia. Mawimbi ya Bluetooth, ya 2.4 GHz, hunyonywa na maji, na mwili wa binadamu umejaa maji, kwa hiyo kisikizi dhaifu hukatika hapo hapo. Mita 10 za kwenye boksi ni za uwanja mtupu. Ndani ya nyumba zetu za mawe ya matumbawe, kuta zikiwa nene vile, tegemea chumba ulichomo na si zaidi.

Simu ipigwe nje ya duka, kwenye upepo. Mwambie aliye upande wa pili akueleze anasikia nini, na ujaribu kisikizi kimoja kimoja. Kuchelewa kwa sauti usikupime kwa YouTube, kwani programu hiyo hujirekebisha yenyewe mdomo na sauti vikaenda sawa. Tumia mchezo wowote wa simu wenye mlio unapogusa. Mwisho virudishe kwenye kijaluba: taa ziwake, simu itengane navyo. Kisichotengana leo hakitatengana kesho.

Lipo kosa moja la chaja linalopeleka vifaa vizima jalalani. Vijaluba vingi vya bei nafuu vina tundu la aina ya C lakini havikuwekwa rezista mbili za kilo-omu 5.1 zinazoiambia chaja itoe umeme. Ukitumia waya wa C kwenda C, chaja haitoi chochote na taa haziwaki. Tumia waya wenye kichwa kile kikubwa cha zamani upande wa chaja, kitajaa bila shida. Chaja ya wati 33 haitakiunguza, ikiwa ni ya kweli: inatoa volti 5 mpaka iombwe zaidi, na kijaluba hakina uwezo wa kuomba.

Visikizi vikiachana, futa jina lake kwenye simu kwanza, zima Bluetooth, viweke vyote viwili ndani, bonyeza kitufe sekunde 10 kama kipo, vitoe pamoja, visubiri vishikane vyenyewe, ndipo uwashe Bluetooth. Wengi huanza na simu na kuruka hatua ya kushikana, ndiyo maana hawafanikiwi. Kimoja kikipotea, kile cha pili hakipati mwenza kwa urahisi. Usinunue kimoja cha mkononi ukitarajia vitaelewana. Kifuniko kikianza kugoma kufunga, angalia kama betri imevimba, na usiitoboe.

Tunajua hofu ya wenye maduka. Nta ya masikio ya mteja mmoja haipendezi kwa mwingine, na boksi lililofunguliwa halivutii. Duka linaweza kuwa na jozi zake za vipira vya majaribio, zikafutwa kwa spiriti kila mara, na boksi likafungwa tena kwa stika ya duka yenye tarehe ya jaribio. Mnunuzi wa pili atafurahi kujua kimeshajaribiwa. Risiti iandikwe modeli na siku 7 za kubadilishiwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaofaa kuuzwa, hata kama ukutani pamebandikwa kwamba bidhaa hazirudi. Hili lina uzito zaidi hapa kisiwani, kwani kifaa cha Sh900 kilichoagizwa Nairobi hakirudishiki: basi mpaka Mokowe, boti, na nauli ya kurudi vinaweza kumeza nusu ya bei.

Meza ndogo karibu na mlango, waya mmoja wenye kichwa kikubwa, chupa ya spiriti na vipira jozi tatu. Vyote ni vya gharama ndogo.

Mafundi wa simu,
Lamu.