Kigoda cha Hsinchu, kigoda cha Miaoli

Hsinchu, Taiwan

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila upepo wa huku haupumziki. Uliniuliza kama Kihakka ninachojifunza, yaani Kichina cha Wahakka, ni lugha moja au utitiri. Ngoja nikujibu kwa kigoda.

Hapa Hsinchu Wahakka wengi husema lahaja ya Kihailu, na kigoda ni "den-er". Hiyo "er" ni kiambishi cha udogo, nao huitoa kwa uvivu, mdomo nusu wazi. Shuka kidogo hadi Miaoli, kwa wasema lahaja ya Kisixian, utaambiwa "den-e". Tega sikio lakini: konsonanti ya mwisho hurudiwa, ikawa "den-ne". Bata, "ab", huwa "ab-be". Meinong, mbali kusini, nako ni Kisixian, ila wao husema "den-i". Ukitia "e" pale sokoni, muuza tambi keshajua umefundishwa kaskazini.

Sasa Dongshi, jirani na Miaoli, ndiko kulikoninyima usingizi. Kiambishi hakuna! Mwavuli, ambao Miaoli ni "za-e", kwao ni "zha" tu, lakini toni haitulii katikati kama kawaida yake, inapanda. Wapo wataalamu wanaosema kiambishi kilimezwa, kikaacha alama kwenye toni, nami nakubaliana nao. Maneno yenye toni nyingine hayakuachiwa hata alama: kigoda kwao ni "den", basi.

Halafu usidhani vyote hivyo ni vidogo. Bata mkubwa kabisa ni "ab-be", kama vile kisu na kitanda kwetu havisemwi kuwa vidogo kwa sababu ya ki-. Ukitaka udogo hasa, tanguliza "se": "se den-ne". Wewe na ule mdomo wako, unayemcheka shemeji wa Lubumbashi kwa "katoto" na "tutoto", huku ungecheka hadi mbavu zikuume.

Mwalimu wangu ni mama wa Kihailu aliyeolewa Miaoli. Akianza sentensi kwa "er" aweza kuimaliza kwa "e", na wala hajali. Wachanganyaji kama yeye wamejaa, hata usemi wao una jina lake, Sihai. Mimi kanipa ruhusa nichague kimoja; nimechagua "e", maana hiyo "er" bado inanishinda.

Nisalimie mama, na uniandikie habari za mitihani ya watoto.

Wako,
Zuhura