Nani Anatazama Juu?

Moshi, Kilimanjaro

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba umeazimia kuchora anguko la Icarus, yule kijana wa hadithi za Kigiriki aliyeruka kwa mbawa za manyoya na nta alizoundiwa na baba yake, fundi Daedalus, akalikaribia jua mno hata nta ikayeyuka akaanguka baharini, juu ya mashamba ya migomba ya Arusha, Mlima Meru ukionekana nyuma. Na mlima sina neno. Ninachouliza ni nani katika picha hiyo atakayetazama juu.

Ovid, mshairi wa Roma aliyesimulia kisa hicho yapata miaka 2,000 iliyopita, aliweka chini mashahidi watatu: mvuvi, mchungaji aliyeegemea fimbo, na mkulima aliyeshika plau. Wanamwona Daedalus akiruka na mwanawe, wanapigwa na butwaa, na kudhani kuwa hao ni miungu. Sasa itazame ile picha iliyoko Brussels, iliyobuniwa na mchoraji Bruegel katika karne ya 16, ingawa wataalamu wengi huiona kuwa nakala ya kazi yake iliyopotea. Watu ni wale wale, lakini hakuna anayemwona kijana. Mkulima ameinama nyuma ya farasi wake, mchungaji ameinua uso kwenye anga tupu, mvuvi ameyainamia maji. Na kule pembeni kulia, chini ya merikebu iliyotanda matanga, miguu miwili inazama. Usipoambiwa jina la picha utadhani ni ya kilimo.

Bruegel amegeuza macho ya watu tu, na kisa cha kijana mkaidi kimekuwa kisa chetu sisi tuliobaki nchi kavu.

Usimsahau kwale aliyetua kijitini karibu na mvuvi. Kwa Ovid, ndege huyo ni mpwa wa Daedalus, ambaye mjomba wake alimsukuma kutoka kwenye ngome ya Athens kwa kuuonea wivu ufundi wake. Mungu wa kike Minerva akamgeuza kwale, naye anashangilia mjomba anapomzika mwanawe. Mtoto wa kwanza kuanguka ndiye huyo, na wachoraji wengi humwacha nje.

Hata hivyo, usimwige Bruegel katika ule ubaridi. Mtu akianguka migombani huko kwenu, umati utajaa kabla vumbi halijatulia, bodaboda wakiwa mbele. Mchore mama aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe awe wa kwanza kufika, na kwale umweke mahali ambapo tutamtafuta. Nitumie mchoro wa penseli kabla hujapaka rangi.

Wako daima.