Wananchi tupewe kazi ya kuupima Ruaha Mdogo

Ndugu Mhariri,

Kila ikitangazwa siku ya usafi, wakazi wa Ipogolo tunashuka Mto Ruaha Mdogo na mafyekeo na viroba. Tunaokota chupa, tunapiga picha na viongozi, tunatawanyika. Sipingi. Ila chupa ni ule uchafu unaoonekana tu. Sabuni ya wanaoosha magari, dawa zinazopulizwa kwenye nyanya na udongo wa kingo zilizolimwa haviokoteki kwa mkono.

Ombi langu ni kwamba wananchi tuupime mto wenyewe, na haihitaji maabara. Afrika Kusini wana njia iitwayo miniSASS. Mtu anaingia kwenye maji ya kina kifupi, anageuza mawe huku amekinga wavu mdogo, kisha anakagua wadudu walionaswa. Kila kundi la wadudu lina alama zake. Wamo wasiovumilia maji yenye oksijeni kidogo. Hao wakitoweka, wakabaki ruba na minyoo myekundu, mto ni mgonjwa hata kama maji yanang'aa. Mwanafunzi wa sekondari akielekezwa vizuri anaimudu. Nasi Tanzania tuna mfumo wa kitaalamu wa aina hiyo, TARISS, uliotengenezwa kwa mito yetu, kwa hiyo hatuanzi sifuri.

Ofisi za Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ziko hapa hapa Iringa. Bodi itenge vituo vitatu: juu kabla mto haujafika mjini, darajani Ipogolo, na chini mto ukishauacha mji. Shule na jumuiya za watumia maji zipime, wataalamu wahakiki, matokeo yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa. Alama zikishuka kati ya kituo na kituo, tutajua pa kuanza kuuliza.

Kwa sasa lawama zote wanabebeshwa wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni kando ya mto. Ni kweli Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini mahindi mabichi ya kiangazi ndiyo ada ya shule kwa kaya nyingi, na kumfyekea mtu mazao hakuoteshi matete. Mwenye kinyungu akae mezani tangu mwanzo, apewe muda wa kusogea juu na msaada wa kumwagilia huko. Ajabu ni kwamba mita hizo 60 hukumbukwa upesi zaidi kwa mwenye jembe kuliko kwa mwenye tofali.

Maji haya yanaingia Ruaha Mkuu na kuelekea Mtera, kwenye mitambo ya umeme, kwa hiyo si suala la Ipogolo peke yake.

Vipimo vya kwanza vichukuliwe kiangazi hiki, kabla ya mvua za Novemba. Mafuriko yakishapita huwasomba wadudu wengi, wa maji safi na wa maji machafu, na hapo hata mtaalamu atabaki na wachache wa kuhesabu.

Mkazi wa Ipogolo,
Iringa