Shukrani kwa Nahodha wa Kilwa Masoko

Shikamoo mzee wangu. Jina lako hukunitajia, ulisema nikuite Nahodha tu, basi nakushukuru hapa hadharani nikiamini salamu zitakufika.

Nilitumwa Kilwa kuhesabu mali za stoo, kazi ambayo ofisini kila mtu aliikwepa. Mtunza stoo alikuwa msibani mpaka alasiri, nami nimekaa bandarini nimenuna. Ukaniambia, "Mwanangu, kakate kibali cha kuzuru magofu, kisha upande chomboni, upepo mzuri huu."

Tukavuka hadi Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Ulinionyesha Msikiti Mkuu na kuba zake za mawe ya matumbawe, ukanishika mkono nipapase chokaa ya ukutani. Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Morocco, alifika mji huu mwaka 1331. Shuleni nilikariri hilo kwa ajili ya mtihani tu! Kule Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, ulinisimamisha kando ya birika la pembe nane, ukaniacha nishibe macho, hukuniharakisha. Nauli ukakataa katakata.

Stoo niliihesabu jioni ile kwa moyo mkunjufu. Mungu akuzidishie afya, Nahodha. Idi nakuja na wanangu, na safari hiyo nauli utapokea.