Wanandoa wapewe chumba kimoja treni ya usiku

Mhariri,

Mimi na mke wangu tumerudi juzi kutoka Vietnam, kila mmoja na begi lake mgongoni. Reli ya kule, kutoka Hanoi hadi Ho Chi Minh City, ina kilomita 1,726, na vyumba vya kulala vina vitanda vinne au sita. Tulikata tiketi mbili tu, tukalala chumba kimoja pamoja na bibi na mjukuu wake. Ukishapita Hue, treni inapanda mlima wa Hai Van, na bahari unaiona chini kabisa upande wa kushoto. Mke wangu hakuachia mkono wangu hadi Da Nang.

Hapa kwetu tuliambiwa wanaume kwao, wanawake kwao, la sivyo tulipie chumba kizima. Wapo kina mama wanaosafiri peke yao wanaotaka chumba cha wanawake pekee. Ni haki yao, kibaki. Lakini mtu na mkewe, tena kwa umri wetu, watenganishwe usiku kucha kwa nini? Dawa zake za presha huwa nazibeba mimi! Wahusika watenge basi hata vyumba viwili kila behewa kwa wanandoa na familia.

Mwalimu mstaafu,
Mbeya